Kuwafuata Wachana-Maji wa Kindu

Kilichonitoa Unguja si pembe wala nguo za kuuza, ni macho ya mama yangu. Yalikuwa yanaingia ukungu, la kushoto kwanza, kisha la kulia likafuata, na tabibu wa Kihindi aliyemtazama alisema hana dawa yake. Labda ataona mwaka, labda na zaidi kidogo, kisha giza. Mama hakulia. Alikuwa ameketi uani anapepeta mchele, akaniambia bila kuinua uso, "Basi kabla sijafunga macho, niletee wale ndege."

Wale ndege niliwajua tangu utoto ingawa sikuwahi kuwaona. Mama ni mtu wa Manyema, wa mto ule mkubwa wa Lualaba, upande wa Kindu. Alifika pwani akiwa mtoto, akauzwa kutoka mkono hadi mkono, na msomaji wa Unguja hana haja ya kuelezwa njia yenyewe. Baba yangu, Mungu amrehemu, alimwoa akiwa ameshapewa uhuru. Mambo ya kwao hakuyasimulia kamwe, isipokuwa jina la kijiji, jina alilopewa huko, na ndege. Nilipokuwa mdogo, akifua nguo, alikuwa akipitisha kiganja juu ya maji ya beseni, kidole kimoja kikichora maji. "Wanaruka hivi," husema. "Mdomo wa chini umo majini, wa juu uko nje. Wanauchana mto mzima." Na kila mara alimalizia na kisa cha mdogo wake, aliyelia siku nzima akidhani amekanyaga kifaranga kilichojilaza kama maiti katika unyayo wake; kama kilikufa kweli, mama hakupata kujua. Jina la ndege hao kwa lugha ya kwao lilinishinda kutamka, nikawa nawaita wachana-maji.

Mimi nilikuwa nafanya kazi katika duka la picha la Mgoa mmoja mjini. Huyu aliniazima sanduku lake la zamani la kupigia picha na vioo vyenye dawa vinavyonasa picha, akitumaini kutundika picha za bara dukani kwake. Kwa wasiojua kazi hii, niseme hivi. Nyuma ya sanduku kuna kioo chenye ukungu, na sura ya kitu huonekana humo ukiwa gizani tu. Ndiyo maana mpiga picha hujifunika nguo nyeusi kichwani. Nguo yangu ilikuwa imeliwa na panya, na mama akanipa kaniki yake mojawapo. Nilishangaa, maana mama na kaniki hawaachani. Hata jikoni tukiwa wawili tu, kichwa chake kimefunikwa, na tukienda pwani ndiyo kabisa, huivuta mpaka usoni. Nilikuwa nikimtania kwamba samaki hawana haja na sura yake. Naye hunipiga kofi la begani na kwenda zake.

Bagamoyo nilijiunga na msafara wa wafanyabiashara waliokuwa wanakwenda Tabora na Ujiji. Sitawachosha kwa habari za njia hiyo, kwani wengi wenu mmeisikia kwa baba zenu, na wanaorudi wote husimulia miiba ileile. Nitasema tu kwamba mchukuzi wa vioo vyangu alitembea kama mtu aliyebeba mayai, na mimi nyuma yake nikimsumbua kwa maneno mpaka akaniomba nivibebe mwenyewe. Nikavibeba. Kwenye mabwawa ya Malagarasi niliona korongo wamesimama katika mafunjo, wengi kuliko watu wa sokoni. Nikatega sanduku kwa mbwembwe, nikahesabu polepole kama nilivyofundishwa, na nilipoosha kioo kwa dawa usiku ule kikatoka bwawa tupu lenye moshi. Korongo walikuwa wametikisa shingo tu, na hilo lilitosha kuwafuta. Hapo ndipo nilipotambua kwamba dukani nilizoea kupiga picha mabwana harusi, ambao hukaa kimya kwa hofu.

Wachache wetu tulivuka ziwa Tanganyika salama, tukashuka Manyema. Ee ndugu zangu, nchi ile! Kasongo niliona mashamba ya mpunga yanayong'aa maji, na yangeyange weupe wanatembea nyuma ya wakulima wakiokota panzi. Asubuhi unasikia adhana, kisha unasikia kasuku. Kasuku tunaowafuga kwenye vizimba hapa pwani, kule wanapita juu ya vichwa makundi kwa makundi, wakipiga kelele kama wanawake waliokutana kisimani, mkia mwekundu ukimulika kila wanapogeuka. Nilisimama njiani nimefungua mdomo, na watu wakanipita wakicheka.

Kutoka hapo tulifuata mto kwa mitumbwi. Pale penye maporomoko tulishuka tukatembea msituni, mitumbwi ikashushwa kwa kamba, na chini ya maporomoko tukaingia tena majini hadi Kindu. Siku hizo Kindu ilikuwa nyumba chache za waungwana wa pwani, ghala za pembe, na gulio la samaki kando ya maji. Mwenyeji wangu aliitwa Ramazani, kijana mchangamfu aliyezaliwa hukohuko, mwenye mtumbwi wake mwenyewe. Alipika wali na samaki wa kukaushwa, akanitazama nikila, akauliza kilichonileta.

Nilipomwambia ndege, aliweka kijiko chini.

"Ndege? Wewe umetoka Unguja, umeacha pembe, unatafuta ndege?"

"Wale wanaochana maji."

"Ah! Wale iko chini, njia ya Lokandu. Wanataga kwa muchanga wakati mto inapungua. Lakini fanya mbio, kaka. Mvua iko karibu. Mvua ikinyesha juu, mto inapanda, muchanga inakwisha, na ndege wanakwenda zao."

Alfajiri tulishuka na mto. Sijawahi kupata asubuhi kama ile, na sidhani kama nitaipata tena. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na ndani yake viboko walikuwa wanakoroma bila kuonekana, Ramazani akipiga kasia pembeni ya mtumbwi ili watusikie mapema. Ukungu ulipoinuka, mto ukajitokeza mpana, mwekundu kidogo, msitu umesimama kuta pande zote mbili. Kwazi, tai mla samaki, alikuwa juu ya mti mkavu, kichwa cheupe kimerushwa nyuma, akalia mlio ule wake unaokwenda mpaka ng'ambo ya mto na kurudi. Mnandi, wale weusi wapiga mbizi, walikuwa wameanika mabawa juu ya magogo. Mwari walielea kwa heshima zao, mfuko wa mdomo umening'inia. Mahali fulani penye matete, nzohe jike, yule paa wa kwenye mabwawa, alitoa kichwa, akatutazama, akazama majini mpaka puani na kubaki vivyo hivyo. Ramazani alikuwa akinitajia kila kitu kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake.

Kisha akaacha kasia, akanyoosha kidole.

"Njo hao," akasema, yaani ndio hao. "Angalia mudomo."

Walikuja chini sana juu ya maji, weusi mgongoni, weupe tumboni, mdomo mwekundu. Midomo ilikuwa wazi, ule wa chini mrefu kuliko wa juu umezama majini, na nyuma ya kila mmoja ulibaki mstari mwembamba, ulionyooka, mpaka mto ukawa umepigwa mistari kutoka ukingo hadi ukingo. Hawakupiga kelele wala hawakupapatika. Mmoja alipata samaki, akainamisha kichwa mara moja tu kama anaitikia salamu, akaendelea. Ilikuwa kiganja cha mama juu ya beseni, ilikuwa hivyohivyo, na mimi machozi yakanitoka mbele ya mtu niliyemjua tangu juzi. Ramazani alijifanya anafunga kamba.

Mchanga wenyewe ulikuwa kisiwa kirefu katikati ya mto, mbele ya kijiji alichonitajia mama. Tulitua ncha ya chini, mbali na ndege. Katika nyayo za kiboko niliona vifaranga vimejibana, rangi ya mchanga, havipepesi hata jicho. Nikategemeza sanduku juu ya miguu yake mitatu, nikatoa kaniki ya mama, nikajifunika kichwa nipate kuangalia kioo.

Hapohapo kijiji kizima kikapiga kelele. Nilisikia makasia yakigongwa kwenye mitumbwi, na nilipotoa kichwa niliona mtumbwi unakuja kwa kasi. Mbele amesimama mwanamume mwenye mabega mapana, ndevu zimeanza mvi.

"Toka kwa muchanga! Toka!" Akaruka majini kabla mtumbwi haujagusa, akanijia. "Unalilia nani?"

"Simlilii mtu."

"Muntu hapana funika kichwa bure. Mufu wako njo nani?"

Ramazani alinivuta kando, na nilimwona kwa mara ya kwanza hana mzaha. "Kaka, nimekosa, sikujua utafunika kichwa. Hapa mwenye kilio anafunika kichwa, mto isione uso yake. Na mwenye kilio hapana kanyaga pahali ya mayai mpaka watoto ya ndege waruke. Akikanyaga, ndege wanaacha mayai yote. Huyu njo Lubanza, mwenye kulinda muchanga."

"Mwambie hii ni kazi tu. Bila giza siwezi kuona picha."

Lubanza alisikiliza, akatikisa kichwa. "Kazi ama kilio, ndege hawajui kuchagua. Utakaa ng'ambo. Watoto wakiruka, utarudi."

Nikatazama juu ya mto. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa maporomoko, meusi. Vifaranga wakiruka, ndege nao wataondoka, na kama mvua itatangulia hapatakuwa na mchanga wa kurudia. Nilikasirika, na mimi nikikasirika maneno hunitoka bila adabu. Nikamwambia kwamba nimetembea tangu bahari ya pwani mpaka miguu imeota sugu, si kwa ajili ya kuiba mayai yake, bali kwa sababu mama yangu anapofuka, na amezaliwa hapahapa, na kitu alichoomba katika dunia hii ni kuwaona ndege hawa mara moja, na yeye Lubanza ananifukuza kwa kipande cha kaniki!

"Mama yako njo nani?" akauliza.

"Hapa alikuwa akiitwa Wabiwa."

Lubanza alinisogelea, uso umekuwa mgumu.

"Usitaje ule jina kwa kuchezea. Wabiwa tulimulia. Tulifunika kichwa, tukamulia, tukamaliza kilio yake."

"Yu hai. Anapika, anafua, ananipiga makofi. Na alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyelia siku nzima kwa ajili ya kifaranga alichodhani amekikanyaga."

Nilisema hivyo kwa hasira bado, kama mtu anayetoa ushahidi kwa kadhi. Lakini Lubanza aliketi chini, pale pale mchangani. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Alikuambia ile?" akasema. "Alikuambia nililia?"

"Kila alipofua nguo."

"Ule kifaranga hakukufa," akasema. Akaanza kucheka, na huku anacheka machozi yanashuka kwenye ndevu. "Mwambie hakukufa. Jioni tuligeuka turudi, kikakimbia nyuma yetu. Yeye hakukiona kikikimbia, wenye kuuza watu walikuwa wamemukamata."

Kwa hiyo nilikuwa nimemtukana mjomba wangu mbele ya watu wake. Alinishika mkono akanipeleka kijijini, na wanawake walitoka wakinigusa mashavu, wengine wakilia kwa sauti, wengine wakipiga vigelegele, nami katikati sijui nishike lipi. Nilikula samaki mpaka nikaogopa. Hakuna aliyeniita mgeni tena, wakawa wananiita mupwa, na watoto wakaniita yaya, yaani kaka mkubwa.

Lakini sheria ya mchanga ilibaki palepale, mpwa au si mpwa. "Kichwa wazi," alisema mjomba, "ama hapana." Nikafikiri sana, kisha nikapata njia. Nyumba za kule zina giza la kutosha. Nikaliweka sanduku ndani ya nyumba yake, likitazama mlangoni, nikamkalisha mjomba nje mwangani umbali wa pondo mbili, zile fito ndefu za kusukumia mtumbwi, nikamsawazisha kwenye kioo bila kujifunika chochote, kisha nikatia alama ubavuni mwa sanduku pale lilipovutwa hata sura ikawa wazi. Kwa umbali uleule wa pondo mbili, ndege nao watatoka sawa.

"Sasa mimi njo ndege?" akauliza.

"Wewe ndiye ndege, mjomba. Usitikisike."

Akanyoosha kiganja juu ya goti, bapa, kidole kimoja kimeteremka kidogo, kama kinachora maji. Nikatumia kioo kimoja juu yake, kujaribu tu, na nikakiosha usiku kuona kama alama yangu ni sahihi. Ilikuwa sahihi. Kioo hicho nilikikausha, nikakizungushia kaniki, nikakisahau chini ndani ya sanduku langu la nguo.

Siku zilizofuata nililala kifudifudi juu ya mchanga, kichwa wazi juani. Ramazani aliniambia kichwa changu kitaiva kama muhogo, na hakukosea sana. Ndege walinizoea. Asubuhi yenye baridi wote hukaa chini safu kwa safu, wameelekea upepo, midomo mizito imelazwa mchangani kama watu waliochoka kubeba mizigo, na wakati huo hawatikisiki hata kidogo. Hapo niliwapata. Niliwapata wakitandaza mbawa juu ya vifaranga kuwapa kivuli mchana. Niliwapata wametulia juu ya mayai, wakiyapoza kwa matumbo waliyoyalowesha mtoni. Mjomba alikuwa akikaa nyuma yangu, na kila kioo kilipoingia sandukuni alikuwa akinong'ona, "Ile ataona?" nami namjibu ataiona. Kioo cha mwisho nilikitumia kabla mvua haijafika. Vifaranga waliruka, na siku mbili tatu baadaye mto ulipanda, na mchanga ule mzuri ukawa maji tu, kama vile haujapata kuwapo.

Maji ya kijijini yalikuwa yamechafuka kwa mvua, kwa hiyo sikuthubutu kuviosha vioo vya ndege huko. Niliviziba vizuri nivioshe Unguja. Mjomba alinisindikiza mpaka Kindu. Nilimwuliza nimwambie mama nini, akapitisha kiganja juu ya maji mara moja. Basi nikaondoka nacho hicho.

Njia ya kurudi ilikuwa ya mvua na joto. Nilivilinda vioo vile kuliko nilivyoulinda mwili wangu, nikavilaza mahali pakavu na mimi nikilala kwenye tope. Nilipotua Unguja sikwenda nyumbani. Nilitaka mama anione nikiingia na ndege mkononi, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Mgoa, tukajifungia katika chumba cha giza. Kioo cha kwanza kikatoka cheusi. Cha pili dawa yake ilikuwa imeyeyuka ikashikana na kingine. Cha tatu kilikuwa na njia za wadudu walioila dawa. Mgoa alikuwa akiviinua kimoja kimoja, na mwisho akaniwekea mkono mgongoni. Joto la njiani lilikuwa limewala ndege wangu wote. Nilikaa chini ya meza ya dawa nikalia kama mtoto, wala sioni aibu kuandika hivyo.

Kilichobaki ni kile cha majaribio, cha mjomba, nilichokiosha kulekule. Mgoa alikichapa kwenye karatasi juani, akanipa, nikaenda nacho nyumbani nikiburuta miguu.

Mama alinijua kwa hatua. Ukungu wa macho ulikuwa umezidi sana. Alinishika uso, akanilaumu kwa kukonda, kisha akauliza, "Umewaona?"

"Nimewaona, mama."

"Basi nipe."

Nikampa karatasi. Aliisogeza karibu na jicho la kulia, karibu kabisa, akaigeuza kwenye mwanga, akaipitisha polepole. Kidole chake kikasimama juu ya kile kiganja bapa kilicho juu ya goti.

"Nani kamfundisha mtu huyu kuruka hivi?"

"Hakufundishwa. Huyu ndiye aliyelia," nikasema. "Na kifaranga hakikufa. Mlipogeuka kilikimbia. Ameniambia nikwambie."

Mama alikaa na karatasi kifuani mpaka jua likageuka upande wa pili wa ua. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nilikwisha kuwalia wote," na akaniomba nimpeleke pwani.

Nilikwenda bara kupiga picha ndege, na picha ya ndege sina hata moja. Niliyojifunza ni kwamba mtu anaweza kufunika kichwa kwa kilio miaka mingi, na mwanawe akala naye, akamtania, akadhani ni haya ya wanawake. Mama aliingia majini mpaka vifundoni, akaishusha kaniki mabegani, kichwa chake chenye mvi kikabaki wazi juani mara ya kwanza tangu nizaliwe. Akainama, akapitisha kiganja juu ya maji, kidole kimoja kikichora, na bahari ikamwona uso.